Wiki za Nusu na Robo

Jumatatu, 3 Machi

Nusu ya kwanza leo. Miaka minne ya vidonge vya wasiwasi — vitatu kwa siku, mwaka jana viwili, halafu kimoja. Sasa nusu kwa wiki mbili, robo kwa wiki mbili, basi. Daktari kaniandikia mpango wote. Nisiruke hatua, kasema, na nikizidiwa nimpigie simu, nisijifanye shujaa. Nimekigawa kidonge kwa wembe wa karakana. Vipande havikulingana. Mimi, mkata vitambaa!

Bosi nimemwambia. Haifai kushika mashine ya kukatia huku namficha. Kasema sawa, ila mikono ikileta matatizo nashuka mezani, naenda kushona vifungo. Miaka tisa kwenye meza ile. Sitaki vifungo.

Jumapili, 9 Machi

Jasho. Masikio yanavuma. Moyo unakimbia kama cherehani isiyo na kitambaa. Dada kila nusu saa: umekula? Nimekula, dada. Mara ya nne nikamfokea. Akaendelea kukunja nguo zilizokauka. Nikaona aibu, nikaenda kukunja naye. Mashuka sita. Kufika la tano nikagundua kwamba kwa muda sijausikiliza moyo.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya tatu ya robo. Nimeharibu.

Blauzi za manesi, arobaini na nane. Pateni, ile karatasi ya kukatia, tayari ilikuwa na nafasi ya mshono — imeandikwa pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe! Nikaongeza nyingine juu yake, sentimita moja na nusu pande zote. Kila nikipima naona padogo. Napima tena, naona padogo zaidi.

Mama Vifungo, yule mshona vifungo wa dirishani, akaijaribu ya kwanza iliyoshonwa. Jamani, kasema, hii ni ya nesi au ya kitanda chake? Karakana nzima kicheko. Nikakimbilia bombani. Maji baridi kwenye viganja, mpaka kwenye viwiko. Kidonge kizima kilikuwa kwenye pochi, hatua tatu tu. Sikukifuata. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mikono ilikuwa imelowa.

Bosi hakupiga kelele. Afadhali kubwa, kasema, ndogo tungezitupa zote. Nimezipunguza mwenyewe, moja moja, hadi saa kumi na moja. Kesho vifungo.

Ijumaa, 21 Machi

Vifungo. Vinane kila blauzi. Mama Vifungo anasema napumua kama mtu aliyekimbizwa na mbwa. Eti nivute pumzi kama navuta uzi mrefu, polepole, usijifunge fundo. Nikamcheka. Nikajaribu alipogeuka. Inasaidia! Sitamwambia, atavimba kichwa.

Jumanne, 1 Aprili — saa nne asubuhi, mapumziko ya chai

Siku ya pili bila hata robo. Jana Bosi kanirudisha mezani.

Leo makoti ya wanakwaya. Kitambaa kizito cha bluu, mteja kakileta mwenyewe, kiwanda kimeshaacha kukitengeneza. Tabaka ishirini zimelala mezani. Nikikosea hakuna cha kufidia.

Nimepima mara tatu. Zote sawa. Ya nne ingekuwa ya hofu, si ya kazi. Nafasi ya mshono imo. Nimeisoma kwa sauti: imo. Chaki nimeirudisha kwenye droo.

Mikono inatetemeka. Kidogo, ila naiona hapa kwenye mwandiko. Jana pia mtetemeko ulianza hivi, ukakaa dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani, ukaondoka. Sikufanya chochote. Uliondoka tu.

Bosi kaja sasa hivi na kikombe chake. Kainama, kasema kwa sauti ya chini wengine wasisikie: mwenzangu, nikate mimi leo? Hakuna atakayekusema.

Na kweli hakuna. Nikisema ndiyo, moyo utatulia hapo hapo. Naujua utulivu huo. Nimeishi nao miaka minne, na kila mwaka ulitaka nimwachie mtu kitu changu kingine.

Nimemwambia ashike upande ule wa mwisho, kitambaa kisiteleze. Mashine naishika mimi.

Kaweka kikombe chini. Kafika upande wake, kabana kwa viganja viwili, ananitazama. Naweka kalamu.