Nyoka Wangu wa Uongo Ataimaliza Mikoko

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana nimejitia shimoni mwenyewe na kutoka siwezi. Mimi ni fundi cherehani, nyumba yetu imepakana na mikoko, na tangu malori yaanze kumwaga kifusi huko ili watu wauziwe viwanja, bahari ikijaa maji yanakosa pa kwenda, yanaingia kwangu, nashona miguu ikiwa majini kama bata. Sisi wanawake wa mtaa tumepanda miche, tumeandamana, tumekwenda ofisini mpaka mlinzi akatuzoea, hakuna aliyetusikiliza, basi siku moja bombani nikamwambia jirani yangu, yule tunayemwita Redio, kwamba nimeona nyoka kwenye mikoko, mnene kama paja langu, na mimi paja ninalo, na ndoo yangu haijajaa nyoka ameshaota kichwa cha pili, madereva wakagoma kukanyaga kule.

Nilifurahi, sikufichi. Sasa wanaume wameamua Jumamosi waifyeke mikoko yote wamtoe huyo nyoka, na kiongozi wao ni mume wangu, anayeapa kwamba walipigana, nyoka akamnyang'anya kiatu! "Mke wangu," ananiambia mbele za wageni, "ilibaki kidogo tu uwe mjane." Nikisema kweli atachekwa mtaa mzima na malori yatarudi, nikinyamaza mikoko imekwenda. Nifanyeje?

Fundi Mwenye Nyoka

*

Fundi, nimecheka mpaka nikamwaga chai, kisha nikakukasirikia. Umewatia watu hofu ya mikoko, ulitegemea wafanye nini, wampelekee nyoka maziwa?

Leo hii funga mlango wa chumbani umwambie mumeo, "Baba watoto, nyoka nilimtunga mimi." Usimcheke. Mpe nafasi akumbuke vizuri, huenda alipigana na mzizi. Akishikilia kwamba alimwona, mwambie Jumamosi atangulie peke yake, uone kumbukumbu zinavyomrudia.

Kisha bahari ikijaa, kabla Jumamosi haijafika, waite hao wenye mapanga, na madereva pia, wasimame sebuleni kwako maji yawafike vifundoni. Waombe radhi. Watakucheka, vumilia, umeyataka mwenyewe. Wakimaliza, waoneshe kifusi dirishani, uwaulize baada ya yako inafuata nyumba ya nani. Zungumzia maji tu, dada yangu, na usiongeze hata mjusi.