Ndege wa Barafu Aliyefukizwa Udi

Jumatatu, 7 Julai
Leo pwani ya Hail, karibu na kwetu, nimemdaka ndege wa barafu kwa mkono mmoja, angali anaruka.
Uwongo. Alikwishakufa, na paka ananusa. Nimemshinda paka tu.
Kindege cheusi, kiuno cheupe. Mjukuu wangu Thuraya, anayesoma chuoni, kukiona tu kakaa kitako. Anasema kinazaliwa ncha ya kusini ya dunia, kwenye barafu tupu, na huku kwetu kinakuja kula tu. Anataka kupima zebaki, ile sumu ya viwandani, katika manyoya yake. Miezi mitatu anatafuta ndege kama huyu. Bila ya ndege, kazi yake ya mwisho chuoni haina kitu. Kaniahidi jina langu litaandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya huyu ndege, kuwa mie ndiye niliyemwokota.
Tumemtia kwenye friza, chini ya nguru.

Jumanne, 8 Julai
Mke wangu, Bi Salma, kanusa friza. Kasema ama ndege ama yeye. Nimefikiri kidogo.

Jumatano, 9 Julai
Ndege anakwenda chuoni kesho. Mgeni haondoki kwangu bila ya udi, hata akiwa maiti. Nimemkosha kwa sabuni, nimempangusa, nimemfukiza chetezoni. Ananukia kama bwana harusi.

Alhamisi, 10 Julai
Thuraya kafungua sanduku nililomtilia ndege. Hakupiga kelele. Bora angepiga.
"Babu, mie nakwenda kupima uchafu, wewe umemtia moshi."
Kaondoka naye hivyo hivyo. Mjinga mie, na ndevu zangu zote hizi.

Jumapili, 13 Julai
Thuraya kapiga simu. Mwalimu wake kacheka mpaka kavua miwani. Kumbe manyoya huoshwa kabla ya kupimwa. Zebaki imo ndani, iliingia unyoya ulipokuwa unaota. Moshi wangu umebaki nje. Na kuosha nilikwishawaanzia!
Nimemwambia Bi Salma mie sasa mtu wa maabara. Kaniambia basi nikaoshe vyombo.

Jumatano, 23 Julai
Zebaki imeonekana. Kazi ya Thuraya imepita, mwalimu kaisifu mbele ya wenziwe. Nimetamba mtaa wa Hamriya duka kwa duka, mpaka kinyozi kanifukuza.

Alhamisi, 24 Julai
Nyumba kimya. Nnakifikiria kile kindege. Kwao hakuna kiwanda hata kimoja, na sumu yetu imemfuata. Hilo sikulisema madukani.
Thuraya kanionesha ile karatasi ya ndege. Tarehe ipo. Pwani ya Hail ipo. Jina la mwokotaji hamna.
Mjukuu wangu, nnajua daftari hili unalisoma nikisinzia mchana. Uliniahidi. Niandikie jina langu. Kwa kalamu isiyofutika.