Chupa Iliyopakwa Poda

Kakamega, Jumamosi, mwisho wa Novemba 1963

Mawingu tangu asubuhi, lakini mvua imekataa kunyesha. Shule imefungwa, kwa hivyo nashinda studio kwa baba mdogo Andrea. Napenda chumba cha giza, kile cha kusafishia picha, kuliko vyumba vyote, kwa sababu humo hakuna anayenitazama.

Leo nimemwamuru mtu mzima. Acha niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba haikutokea.

Mzee Swalehe alikuja kutoka Ekero na chupa ya sharubati yake ya tangawizi, ameiviringisha kwenye taulo kama mtoto. Anataka picha ya kalenda. Mwaka ujao ndio mwaka wetu wa kwanza wa Uhuru, na anataka kila duka kutoka Mumias mpaka Malinya litundike kalenda yenye chupa yake. Baada ya salaam aleikum na kuulizia hali ya kila mtu hadi ng'ombe, alisema bila kuficha: asipoipenda picha leo, ataipeleka chupa Kisumu kwenye studio kubwa. Baba mdogo alicheka, lakini nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali. Hatujawahi kupata kazi ya kalenda. Sisi ni watu wa harusi na ubatizo.

Kosa lilianzia hapo. Baba mdogo aliipiga chupa kama anavyopiga mtu, taa moja kushoto na nyingine kulia, zote kutoka mbele. Kioo kikatoa mabaka mawili meupe kifuani, na katikati ya mabaka ungeiona studio nzima, dirisha, kamera na miguu yake mitatu, na baba mdogo mwenyewe amepinda kama ndizi. Sasa, kwetu uso wa mteja uking'aa huwa tunaupaka poda. Baba mdogo akachukua kile kikopo cha maharusi, akaipaka chupa.

Mimi nikamshikia kifuniko.

Nilijua haitafaa. Mama akitaka kujua mafuta ya taa yamebaki kiasi gani, huiinua chupa mlangoni ili mwanga uingie kutoka nyuma. Maneno ya kusema hayo nilikuwa nayo kwa Kiluhya, kwa Kiswahili, hata kwa Kiingereza cha darasani. Yote yalikwama kwenye koo hilo hilo moja.

Picha ilipotoka, Mzee Swalehe aliishika ikiwa bado inadondosha maji. Akaitazama, akamtazama baba mdogo.

"Andrea, chupa yangu inaolewa lini?"

Baba mdogo akamwomba nafasi ya kujaribu tena, akampeleka mkahawani kwanza akanywe chai. Nikabaki peke yangu, na nikiwa peke yangu mimi ni mtu mwingine.

Niliosha poda, nikakausha chupa na kuishika kwa kitambaa ili isibaki na alama za vidole. Nilitundika shuka jeupe nyuma ya meza, nikazipeleka taa zote mbili nyuma ya shuka. Mabaka yakaondoka. Sharubati ikawaka kutoka ndani. Lakini kando za kioo zilipotelea kwenye ule weupe, hujui chupa inaishia wapi. Nikachukua karatasi nyeusi zinazofungiwa karatasi za picha, nikasimamisha moja kila upande wa chupa, karibu lakini nje ya jicho la kamera. Mstari mweusi ukatokea kutoka shingoni hadi chini, mwembamba, kana kwamba mtu ameichora kwa penseli.

Waliporudi, baba mdogo alichungulia kwenye kamera. Kisha akasema lebo imekuwa nyeusi, jina la mzee halisomeki. Kweli. Mwanga ukitoka nyuma, mbele hubaki kiza.

"Mtu hupigwanga kutoka mbele, Rasoa," akasema, akashika taa airudishe.

"Usiguse, baba mdogo."

Ilikuwa sauti yangu. Aliachia taa kana kwamba imemchoma. Mzee Swalehe akakohoa. Mimi mwenyewe nilitamani sakafu inifiche, lakini nilikuwa nimeshaliona jambo moja: kila nilipoisogelea meza nikiwa na blauzi yangu nyeupe ya shule, lebo iling'aa. Mwanga wa shuka ulikuwa unanigonga mimi na kuirudia chupa. Basi nikasimama mbele kidogo, kando ya kamera, nikatulia. Jina likasomeka. Baba mdogo akabonyeza.

Mzee Swalehe aliitazama picha ya pili muda mrefu.

"Hii inanitia kiu," akasema, "na mimi ndiye ninayeipika."

Hatakwenda Kisumu. Kazi ni yetu.

Alipoondoka, baba mdogo aliona pichani kidoa cheupe kwenye bega la chupa. Ni blauzi yangu, kioo kimeinasa. Alichukua brashi yake ya wino, ile ya kufutia makovu ya watu, nikamwambia aiache. Mara ya pili kwa siku moja! Alinitazama, akairudisha brashi mahali pake.

Kwa hivyo mwaka mzima nitakuwa ukutani, Ekero, Lubao, kila mahali watu wanaponunua sukari na chumvi. Hakuna atakayenijua. Nimejiuliza jioni hii yote kama hilo linanifurahisha ama linaniuma kidogo, na bado sijui.