Kisiwa cha Wanandoa na Kadi Mbili

CHAMA CHA WANANDOA "TUSHIKANE", KAMBI YA WAKIMBIZI YA DZALEKA, MALAWI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA SAFARI

Tarehe: Jumamosi, 5 Julai 2014
Mahali: Chumba cha kushonea cha Mama Ernestine, nyuma ya jengo la zamani la gereza
Saa: Kiliitwa saa nane mchana. Kilianza saa tisa kasoro dakika kumi.

WALIOHUDHURIA
1. Papa Balagizi, Mwenyekiti, mwalimu wa kwaya
2. Mama Ernestine, mke wa Mwenyekiti, fundi cherehani
3. Ndugu Bienvenu, Mjumbe, mwenye wazo la safari
4. Dada Arlène, mke wa Ndugu Bienvenu tangu Februari
5. Papa Evariste, Mjumbe
6. Mama Sophie, Katibu, mke wa Papa Evariste na mwandishi wa kumbukumbu hizi

WASIOHUDHURIA
1. Papa Eliezer, kwa udhuru. Amekwenda Dowa kutafuta mahindi.
2. Mama Maombi, mke wa Papa Eliezer, bila udhuru. Ilielezwa kwamba bado ana kinyongo juu ya kitambaa cha sare za kwaya. Kitambaa hicho kilijadiliwa vikao viwili na hakitajadiliwa tena.

KUMB. NA. 1/07/2014: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kwa sala, akawakumbusha wajumbe kwamba saa nane ni saa nane. Mama Ernestine alimkumbusha Mwenyekiti kwamba aliyechelewa ni yeye. Mwenyekiti alisema tuendelee.

KUMB. NA. 2/07/2014: MAHALI PA SAFARI
Ndugu Bienvenu alieleza kwamba mwezi uliopita alipopeleka sare za shule Lilongwe, aliona picha katika kioo cha duka moja la mambo ya safari pale City Centre. Ilikuwa ya mji ulio kisiwani: nyumba nyeupe zimeshuka mpaka majini, na watu wawili, mume na mke, wamekaa kwenye meza moja bila mtu mwingine. Alisimama hapo hadi mlinzi akamuuliza shida yake. Tangu siku hiyo anaona kwamba wanandoa wa chama hiki nao wanastahili siku tatu za namna ile.

Mama Ernestine aliuliza nani aliwapikia wale wawili. Ndugu Bienvenu alisema picha haikuonyesha.

Mwenyekiti alieleza kwamba mtu asiye na pasipoti hafiki visiwa vya kwenye picha, na humu ndani hakuna mwenye pasipoti. Lakini Malawi yenyewe ina kisiwa, Likoma, ndani ya ziwa. Kuna mji mdogo, kanisa kubwa la mawe, na mchanga. Unapanda minibasi hadi ziwani, kisha meli. Alikuwa ameshauliza ofisi ya kambi, na ofisi ilisema kwamba ruhusa ya kutoka inaweza kupatikana kama orodha itafika mapema. Alimalizia kwa kusema penye nia pana njia, kwa mara ya pili.

Ndugu Bienvenu alilalamika kwamba mji wa Likoma ni mdogo kuliko ule wa kwenye picha. Mama Ernestine, ambaye amezaliwa Bukavu, alisema mtu aliyekulia kando ya Ziwa Kivu hahitaji mji mkubwa, anahitaji maji tu. Alisema miaka kumi na miwili hajaona maji ambayo hayana ng'ambo ya karibu. Iliazimiwa Likoma, kuanzia Jumatano tarehe 23 hadi Jumamosi tarehe 26 Julai.

Papa Evariste peke yake hakuunga mkono tarehe. Alisema Julai kuna baridi. Alijibiwa kwamba ziwani kuna joto kuliko Dowa. Alisema Julai upepo wa kusini, ule wa mwera, unachafua ziwa. Alijibiwa kwamba meli ni ya chuma. Alisema basi iwe Agosti. Alipoulizwa sababu ya Agosti, alisema hana sababu. Katibu anaandika hili bila kuongeza neno, ingawa analo.

KUMB. NA. 3/07/2014: WANANDOA WANATAKA NINI HUKO
Mwenyekiti alitaka kila mjumbe aseme anachotaka katika siku hizo tatu, ili mpango usiwe wa mtu mmoja.

Mama Ernestine alisema anataka kula samaki ambaye hakumpika, na kuacha sahani mezani bila kuiosha. Mwenyekiti alisema anataka kulala hadi jua litoke bila mtu kubisha hodi kuomba ufunguo wa ngoma za kwaya. Mama Ernestine alicheka, akasema basi atakayebisha ni yeye. Mwenyekiti aliomba jambo hilo lisiandikwe.

Dada Arlène aliona haya kusema. Ndugu Bienvenu alisema kwa niaba yake kwamba wao wanalala nyuma ya pazia, na upande wa pili wa pazia wamelala wadogo watano wa Bienvenu. Wanachotaka ni mlango. Hakuna mjumbe aliyewatania, na Katibu anaona walifanya vizuri.

Katibu alisema anataka kutembea na mumewe mahali ambapo hakuna anayewajua, wakiwa wameshikana mikono mchana kweupe. Alisema wana miaka kumi na mmoja ya ndoa, Mungu hajawapa watoto, na hivyo hawana kisingizio cha kutotembea. Wajumbe walimgeukia Papa Evariste. Papa Evariste alisema, "Iko vizuri," akaangalia nje.

KUMB. NA. 4/07/2014: ORODHA NA KADI
Mwenyekiti alieleza sharti la ofisi: orodha iandikwe kwa jozi, na mume na mke wawe kwenye kadi moja ya familia. Walio kwenye kadi mbalimbali hawatahesabiwa wanandoa. Aliomba kila jozi itoe kadi, Katibu anakili namba.

Jozi ya kwanza, Papa Balagizi na Mama Ernestine, kadi moja. Jozi ya pili, Ndugu Bienvenu na Dada Arlène, kadi moja, iliyotengenezwa Machi baada ya kwenda ofisini mara sita. Jozi ya tatu, Papa Eliezer na Mama Maombi, kadi moja, namba yake Mwenyekiti anayo.

Jozi ya nne. Kwa wasiojua, ingawa Dzaleka nzima inajua: Papa Evariste alifika hapa Januari 2006, Katibu akafika Mei. Siku ya kuandikishwa, Katibu alisema hana mume. Hayo yalikuwa mashauri ya Papa Evariste na Katibu aliyakubali, kwa sababu kadi mbili zilileta ndoo mbili, mablanketi mawili na nafasi mbili za kujenga. Walijenga nyumba moja, na nafasi ya pili wakapanda maharage. Walikusudia kuunganisha kadi baada ya miezi michache. Imepita miaka minane.

Katibu alitoa kadi yake, akapendekeza ziunganishwe wiki ijayo, safari isiharibike. Papa Evariste alisema kadi yake ameiacha nyumbani. Mama Ernestine alionyesha kwa kidole mfuko wa shati lake, akasema, "Ile mufuko ya chemise mi njo nilishona. Kadi iko mule, naiona." Papa Evariste alitoa kadi. Ndani ya plastiki yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakumpa Mwenyekiti, alimpa Katibu.

Katibu alisoma. Ilikuwa barua ya kumwita Lilongwe Alhamisi tarehe 24 Julai, saa mbili asubuhi, kwa mahojiano ya kuhamia Kanada. Familia: mtu mmoja.

Katibu alisoma tena.

KUMB. NA. 5/07/2014
(Hapa anaandika Arlène. Mama Sophie ameweka kalamu chini na Papa Mwenyekiti ameniambia niendelee. Sijui kuandika kumbukumbu, kwa hiyo naandika vile watu wanasema, kwa Kiswahili cha kwetu.)

Mama Sophie: "Hii barua iko na siku ngapi?"

Papa Evariste: "Wiki tatu."

Mama Sophie: "Wiki tatu. Na tunakulaka ku sahani moja."

Papa Evariste: "Nilikosa namna ya kuanza."

Mama Sophie: "Ulitaka kubaambia nini kule?"

Papa Evariste: "Kama niko peke yangu. Nikisema niko na bibi hayuko ku kadi, ile faili yangu, dossier, inaweza rudi ku mwanzo. Nilisema nitangulie, nifike, kisha nikuite. Kama vile tulifanya ya kuja hapa."

Mama Sophie: "Ya kuja hapa ulinitangulia miezi ine. Kila mangaribi nilikuwa naenda ku barabara kuuliza batu kama banakusikia. Kanada ni miaka ngapi?"

Papa Evariste: "Sijue."

Papa Mwenyekiti amesimama, amesema: "Bandugu, hii haiko neno ya kamati. Tufunge, baende kuzungumuza kwabo."

Mama Ernestine: "Papa, ikala. Chama ni ya banandoa. Kama hii haiko neno ya banandoa, ni ya nani?"

Papa Mwenyekiti amekaa tena.

Mama Ernestine: "Evariste, we unataka nini? Usituambie ile ofisi inataka. We."

Papa Evariste: "Mi nataka kwenda. Sitawadanganya. Nimechoka hapa. Lakini tangu ile barua silale. Nikienda kuchota maji najifunza njiani kusema 'sina bibi', juu siku ile isinikwame. Nasema pole pole, batu basisikie. Haitoke. Jana nilijaribu tena, na kile kilitoka ni jina yako."

Mama Sophie analia. Na mimi pia, karatasi imelowa hapa chini, samahani.

Mama Sophie: "Enda. Ukibakia juu yangu, siku moja utanichukia."

Papa Evariste: "Haiko juu yako. Ni juu yangu. Tutaenda babili, tuseme kweli yote. Bakikataa, bakatae bote babili."

Mama Sophie: "Na kama dossier ikirudi ku mwanzo?"

Papa Evariste: "Itatukuta tuko wote."

Mama Sophie ameniomba kalamu.

KUMB. NA. 6/07/2014: MAAZIMIO
Katibu amerudia kazi yake. Anamshukuru Dada Arlène, ambaye ameandika mengi kuliko yanayohitajika katika kumbukumbu. Mwenyekiti alishauri ukurasa ule uondolewe. Katibu alikataa.

Katibu alikiri mbele ya kikao kwamba kosa la kadi mbili si la Papa Evariste peke yake. Mdomo uliosema "sina mume" mwaka 2006 ulikuwa wa Katibu, na blanketi la pili alilifurahia. Alisema siku ile aliona ni jambo dogo, la kupata ndoo. Hakujua kwamba neno lile litakaa miaka minane likimngoja mumewe alirudie.

Iliazimiwa kama ifuatavyo. Jumatatu ofisi zitafungwa kwa sikukuu ya Uhuru, kwa hiyo Jumanne tarehe 8 Papa Evariste na Mama Sophie wataomba kadi zao ziunganishwe. Mwenyekiti atawasindikiza kama shahidi kwamba ni mume na mke, na amepewa onyo na mkewe asiongee sana. Wataomba pia ruhusa ya kwenda Lilongwe pamoja Alhamisi tarehe 24. Mama Ernestine aliwashauri wakimaliza wasirudi na minibasi ya kwanza, watembee kwanza katika mji ule usiowajua.

Mwenyekiti alieleza, kwa huzuni, kwamba tarehe 24 iko katikati ya safari, na kadi inayochunguzwa haipewi ruhusa ya matembezi, hivyo jozi ya nne itakosa kisiwa, na huenda ikakosa Kanada pia. Ndugu Bienvenu alipendekeza safari yote isogezwe hadi Agosti ili wasiachwe. Dada Arlène aliunga mkono. Katibu aliwakatalia. Alisema hao wawili wamengoja mlango tangu Februari, na hatakubali wangoje zaidi kwa ajili ya ndoo yake. Jozi tatu ziende Julai. Ilipitishwa, Ndugu Bienvenu akipinga.

Papa Evariste aliuliza kama Katibu amemsamehe. Katibu alijibu kwamba jambo hilo halimo katika ajenda.

KUMB. NA. 7/07/2014: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimtaka Papa Evariste afunge kwa sala. Katibu hakuona kama ni busara, lakini hakuulizwa.

Wote walisimama. Papa Evariste hakuomba Kanada wala kisiwa. Aliomba msamaha, kwanza kwa Mungu, kisha akaniomba mimi, kwa jina langu, mbele ya watu, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu tuoane. Katibu anajua kwamba kumbukumbu haziandikwi kwa "mimi". Lakini nilisema Amina kabla sala haijaisha, na wengine wakanifuata.

Saa ya kufunga: kumi na moja na robo.

Mwenyekiti: (sahihi) Balagizi
Katibu: (sahihi) Sophie, mke wa Evariste