Maelezo Kuhusu Boti ya Mwalimu na Kufuli Lililovunjwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Turubai, ndivyo ninavyofahamika gatini na kwa wateja wangu wote
Umri: Miaka 46
Kazi: Fundi cherehani wa matanga na maturubai ya boti
Makazi: Ndani ya boti, gati la tatu, nafasi ya kumi na moja

Mimi ni mwenye jina hilo hapo juu. Naishi botini na mume wangu, mwaka wa saba huu, ingawa kwa sasa yeye yuko safarini kwenye meli ya mizigo. Kuishi botini si kupumzika kama watu wanavyodhani. Boti ni mgonjwa asiyekufa wala kupona: leo pampu, kesho kutu, keshokutwa mvua inakuvujia kitandani. Kwa hiyo sisi wa gatini hutazamiana. Ukipita kwa jirani unaangalia kamba zake, na unaangalia boti yake imekaaje majini.

Mliyemshika ni mdogo wa mume wangu, yaani shemeji yangu. Ni mpiga mbizi, anasugua matumbo ya boti na kukagua vyuma vilivyo chini ya maji. Sikuja kumtetea kwa ushemeji. Ana mdomo, na tangu mwezi uliopita salamu zetu zilikuwa za juu juu kwa sababu alisema mishono yangu imepinda.

Jirani yangu wa nafasi ya kumi na mbili ni mzee mstaafu tunayemwita Mwalimu. Anaishi peke yake. Alhamisi iliyopita shemeji alimwambia kwamba vali inayoingiza maji ya bahari ya kupoza injini imeliwa na kutu, ibadilishwe mara moja. Mwalimu alimjibu kuwa anatisha watu ili apate kazi, na akamkataza asikanyage tena botini mwake. Gati zima lilisikia, mimi nikiwemo. Najua ndiyo sababu mkamshuku.

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nilikuwa juu ya boti yangu nikipima turubai. Mwalimu alikuwa ameondoka tangu saa mbili kwenda hospitali kutibiwa jicho. Niliinua macho nikaona boti yake imeshuka. Ule mstari mwekundu wa ubavuni, ambao siku zote huwa juu ya maji, haukuonekana. Nikaruka kule. Mlango ulikuwa na kufuli, na ndani nilisikia maji yanacheza.

Naomba hapa iandikwe vizuri. Aliyevunja kufuli ni mimi. Nililipiga mara tatu kwa nyundo yangu ya kugongea pete za turubai. Shemeji alikuwa bado ndani ya maji kwenye gati la pili, akisugua boti ya mtu. Nilimwita, akaja akiogelea.

Maji yalikuwa magotini. Alipapasa chini ya injini, akasema vali imekatika, akaziba tundu kwa kiganja. Mimi nikaanza kutoa vitu visilowe: redio, sanduku la vifaa, vitabu, saa ya ukutani. Nikavipanga gatini. Vile vitu mlivyoandika kuwa ni vya wizi nilivitoa mimi kwa mikono yangu. Kisha shemeji akaniambia niwahi karakana nikalete pampu kubwa, kwa kuwa yeye akiondoa mkono tu boti inazama. Nilikimbia.

Niliporudi na pampu kwenye toroli, saa nne na dakika hamsini, nilikuta walinzi wawili na Msimamizi wa maegesho ya boti wameshamtoa. Waliona kufuli limevunjwa, vitu vimepangwa nje, na ndani yupo mtu aliyegombana na mwenye boti. Hata mimi ningefikiri hivyo. Nilipiga kelele kwamba wanakosea. Shemeji alikuwa ameshikwa mikono yote miwili. Hakujitetea. Aliniambia, "Shemeji, achana na mimi. Maji."

Nilitakiwa kuchagua kati ya gari la polisi lililokuwa linampeleka kituoni na boti ya Mwalimu. Nilichagua boti. Tangu saa ile jambo hilo haliniachi, ndiyo maana naomba mlisikie.

Miaka saba naishi juu ya maji na sijui kuogelea. Niliingia. Maji yalikuwa kiunoni, yana mafuta, sioni kitu. Nilipapasa mpaka nikasikia ubaridi unaosukuma vidole. Nikakunja kipande cha turubai kigumu kama ngumi, nikakishindilia na kukigonga kwa nyundo mpaka maji yakakata. Nilipoinua kichwa, Msimamizi alikuwa mlangoni ameshavua viatu, ameshika ndoo. Alichota maji mpaka pampu ikawaka, na alipochoka walinzi walimpokea. Saa nane mchana boti ilikuwa inaelea sawasawa tena.

Mwalimu alirudi saa tisa, jicho moja limefungwa bandeji. Nilimweleza yote. Akauliza, "Mmempeleka wapi?" Tumekuja naye, yuko pale nje kwenye benchi. Ameleta ile vali kwenye mfuko. Ukiibonyeza kwa kidole inamegeka kama biskuti. Haikukatwa na mtu.

Kama kuvunja kufuli ni kosa, kosa ni langu. Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda, sina zaidi.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika maelezo haya saa kumi na nusu jioni na kumsomea shahidi, akakubali kuwa ni sahihi. Vali imepokelewa na kukaguliwa. Msimamizi amethibitisha kwa simu. Mwenye boti hana malalamiko dhidi ya mtu yeyote. Mpiga mbizi ameachiwa saa kumi na mbili kasoro robo. Alipotoka, mwenye boti, ambaye umri wake ni zaidi ya mara mbili ya wake, alisimama na kumwamkia yeye kwanza. Kisha akamuuliza kesho atakuja saa ngapi kuzitazama vali tatu zilizobaki. Akajibu, saa moja asubuhi. Waliondoka kituoni wote watatu, shahidi akiwa katikati.