Maji, Si Uvimbe

Jumatano jioni

Kumbe ni maji. Picha ya kichwa haikuonyesha uvimbe. Daktari anasema majimaji yamejaa ndani ya sikio la kushoto, ndiyo yanayoniletea kizunguzungu na kunipunguzia usikivu.

Niliposhuka kwenye bajaji hapa Nangara, nilimwamkia jirani yetu, Mama Neema, mara tatu, maana sikumsikia akiitikia.

Akazunguka upande wangu wa kulia. "Marahaba, marahaba, marahaba. Leo unaniomba nini?"

Nikamweleza yote, mtu wa kwanza kumwambia.

"Na mimi kila nikikuita usiitike, nilidhani ni maringo ya kusoma chuo," akasema. Tulicheka mpaka nikamshika bega nisianguke.

Nimeanza vidonge. Huenda usikivu usirudi wote. Naogopa, lakini hofu hii naiweza.