Kijiti cha Kijani kwenye Sandwichi ya Mama Yun

Jumatatu, 6 Oktoba

Nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili, mameneja watano wa hoteli, na daktari mmoja aliyeniambia nisipoacha sukari sitafika sabini. Hoteli yenyewe imebomolewa, kule Dar, sasa ni maegesho ya magari. Mimi bado nipo. Niko Garland, Texas, kwa binti yangu Rehema, na mkono wangu hautetemeki.

Asubuhi nimeenda kwa Mama Yun kama kawaida, mimi na Njoroge. Njoroge ni jirani, Mkenya, alifanya kazi ghala moja la mji jirani wa Mesquite mpaka mgongo ukamshinda. Yeye ndiye anayeagiza, maana Kiingereza changu ni cha jikoni tu. Mama Yun ni Mkorea. Ana kiduka cha sandwichi katikati ya dobi na duka la matairi. Bei yake hata mzee asiye na mshahara anakula. Slesi zimekaangwa kwa siagi, ndani mayai yaliyopigwa pamoja na kabichi na karoti, pembeni kabichi yao ya pilipili iliyochacha. Mwaka wa pili huu nakula pale. Hakuna sandwichi kama hiyo Texas nzima. Nasema hivyo mimi niliyepikia mabalozi.

Yangu huja na kijiti cha meno, cha kijani, kimechomekwa juu. Ya Njoroge haina. Ya mtu mwingine yeyote haina. Mama Yun anamjua mpishi akimwona. Sikumwambia mimi. Ameona mwenyewe.

Daftari hili Rehema alinipa niandike kipimo cha sukari kila siku. Yeye ni nesi, anapenda namba. Namba zake naziandika nyuma. Huku mbele naandika yangu. Shule niliishia la nne. Inatosha.

Jumanne, 7 Oktoba

Athumani amepiga simu kutoka Houston. Anakaa kwa mwanawe huko. Tulikuwa jiko moja miaka kumi na mbili. Wote wawili tulitaka kofia ya mpishi mkuu. Meneja akatufunga macho kwa taulo, akatupa mchuzi tuonje. Athumani alitaja vitu vitano. Mimi saba. Kofia nikavaa mimi. Mpaka leo hajapona.

Yeye Mnyamwezi, mimi Mzaramo. Watani. Ananitukana mchana kutwa na sina ruhusa ya kukasirika.

Leo anasema naye amekula sandwichi ya Kikorea huko Houston. Anasema nzuri, ila sukari nyingi. Nikamuuliza sukari ya nini kwenye mayai. Anasema wanainyunyiza juu, ndiyo namna yao.

"Kwa Mama Yun hakuna sukari hata chembe," nikamwambia.

"Kombo, ulimi wako umezeeka kabla ya magoti."

Tumewekeana dau. Jumamosi mwanawe anamleta. Ataonja mwenyewe. Atakayeshindwa atasema kwenye simu ya Ijumaa kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa mpishi. Simu ya Ijumaa tunaingia sote tuliobaki wa hoteli ile. Tumebaki sita. Maneno yakisemwa pale ndiyo yatakayosemwa siku ya kutuzika.

Nimelala mchana vizuri sana. Ulimi huu haujawahi kunidanganya.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimemwambia Njoroge habari ya kuwekeana dau. Nilidhani atacheka. Kahawa ikamwagikia suruali yake.

"Si muwachane na hayo mambo, Mzee? Sukari ni sukari tu."

Kisha akasema Jumamosi twende kwingine, kuna supu ya Wavietnamu. Nimekataa. Kisha akasema Jumamosi kwa Mama Yun watu hujaa. Nimekataa tena. Tulipotoka akarudi ndani, ati kasahau kofia. Kofia ilikuwa kichwani mwake. Nikamwonyesha. Akaenda tu.

Jioni Rehema ananiuliza kama magoti yanauma, nisitoke Jumamosi. Magoti yangu hayajawahi kumhusu kiasi hiki. Wote wamekuwa wema ghafla. Sipendi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika kwa hasira. Herufi zitakavyokuwa zitakuwa.

Athumani amekuja amevaa kofia mpya. Mwanawe akatushusha, akaenda kutia mafuta. Tukakaa watatu, mimi, Athumani, Njoroge. Sandwichi zikaja tatu kwenye sinia. Yangu na kijiti chake. Nikamweleza Athumani maana ya kile kijiti. Nilieleza kwa sauti, na waliokaa meza ya pili wasikie.

Akanyoosha mkono akaichukua.

"Mzaramo hapewi heshima mbele ya mtani wake. Hii nakula mimi."

Haki yake. Mtani akichukua sahanini kwako unafanya nini? Nikacheka, nikachukua ya kwake. Njoroge akasema, "Hapana, hapana, mrudishiane." Hatukumsikiliza.

Nikauma.

Sukari. Si chembe. Sukari imejaa kati ya yai na mkate, inalia kwenye meno. Na mchuzi mwekundu mtamu, sijawahi kuuona pale. Na ilikuwa nzuri. Naandika ukweli, ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa kitu kingine kabisa. Ndipo nikajua ninachokula tangu mwaka juzi sicho wanachokula watu.

Athumani ametafuna mara mbili, akafunua mkate kutazama ndani. Kisha akacheka mpaka kofia yake mpya ikaanguka.

"Kombo! Hiki chakula cha wodini! Hiki wanampa mtu aliyetoka kupasuliwa!"

Mama Yun akatoka mbio nyuma ya kaunta, mikono ina unga. Akaninyang'anya sandwichi mkononi, akamnyang'anya Athumani ya kwake, akazibadilisha. Akanichomekea kijiti vizuri. Akanipapasa bega kama mtoto.

Mbele ya mtani wangu.

Nikamtazama Njoroge. Njoroge anatazama matairi ya jirani.

Nimeondoka. Sikumaliza. Kijiti nimekivunja.

Jumapili, 12 Oktoba

Rehema amekiri kabla sijakaa vizuri. Ni tangu mwaka juzi, sukari iliponiangusha bafuni. Aliposikia Njoroge atanipeleka kwa Mama Yun, alitangulia mwenyewe akazungumza naye. Sukari hapana, mchuzi mtamu hapana, siagi kidogo. Kijiti ni alama wasichanganye. Njoroge kazi yake kila asubuhi kukumbusha.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Baba, ungekubali?"

Nisingekubali. Hilo si jibu.

"Uliniahidi utaacha biskuti. Nikazikuta ndani ya viatu."

Viatu vyangu. Biskuti zangu. Hilo nalo si jibu.

Nimemwambia aliyemdanganya mpishi kinywani amemdanganya kote. Amelia. Nimemwacha alie. Nimesalitiwa na damu yangu, na rafiki yangu, na mwanamke niliyemsifia kwa watu wa miji mitatu. Watatu hao walikaa chini wakapanga. Kila nilipoinua kile kijiti nikijivuna, walikuwa wanatazamana.

Hilo ndilo linaloniumiza. Sukari naweza kusamehe.

Jumatatu, 13 Oktoba

Sikuenda. Nimepika uji mwenyewe.

Njoroge amegonga. Sikufungua. Amegonga tena. Nikaongeza sauti ya televisheni.

Jumatano, 15 Oktoba

Jambo limenijia nikiwa natawadha, nikakaa chini na maji yakiendelea kutoka.

Wale wengine pale wanakula nyama ya nguruwe ndani ya sandwichi. Naiona, nyekundu, slesi nyembamba. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia Njoroge amwambie Mama Yun mimi Mwislamu. Akaniambia amemwambia. Lakini Njoroge huyu ameweza kunitazama kila asubuhi na siri yake ya sukari. Na hilo lingine je? Atanidanganya la sukari aniambie kweli la nguruwe? Kikaango kimoja kinatosha kuniharibia miaka yangu yote.

Nimevaa viatu nikaenda peke yangu. Sijawahi kwenda peke yangu. Barabara ile ina njia sita na hakuna anayesimama kwa ajili ya mzee. Nimevuka.

Nikamwonyesha Mama Yun nguruwe kwenye picha ya ukutani. Nikaonyesha kifua changu. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha jikoni. Uso wangu nadhani ulisema yaliyobaki.

Akaniita nyuma ya kaunta. Mimi sijaingia jiko la mtu tangu nistaafu. Ukutani, mbali na vingine, kuna kikaango kidogo kinaning'inia. Mpini wake umezungushiwa utepe wa kijani. Pembeni mwiko wake, nao kijani. Akaninyooshea kidole. Changu. Akahesabu miaka kwa vidole, kisha akanyoosha vitatu: hata sandwichi tatu za Jumamosi zilipikwa humo. Akataja jina la Njoroge. Njoroge ndiye aliyeomba, tangu siku ya kwanza, mbali na mambo ya Rehema.

Nimekinusa. Nimekinusa kama mpishi. Yai, siagi, kabichi. Basi.

Nimerudi nyumbani. Bado nina hasira. Lakini ile ya leo asubuhi imeondoka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Simu. Athumani alikwishawasimulia wote kabla sijaingia. Hawaniiti tena Mpishi Mkuu. Wananiita Mgonjwa Mkuu. Mzee mmoja wa Dar amecheka mpaka kikohozi kikamkamata, na mapafu yake tunayajua.

"Sema sasa," Athumani akasema. "Tunangoja. Nani alikuwa mpishi?"

Nimewaambia subirini. Nilisema nini Jumanne ile? Nilisema kwenye sandwichi ninayokula hakuna sukari hata chembe. Ilikuwemo? Haikuwemo! Athumani alisema sukari imo, mimi nikasema haimo, na haikuwemo. Ulimi wangu ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Watu ndio waliosema uongo. Ulimi haukusema uongo.

Wakapiga makofi. Hata Athumani.

Kisha akasema, "Labda Jumamosi tu ndiyo haikuwemo. Mimi nilionja siku moja. Hizo siku nyingine shahidi wako nani?"

Nikahesabu mashahidi. Wanaojua ni watatu tu duniani, na sisemi nao.

Wamenipa mpaka Ijumaa ijayo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Rehema ameweka chai mezani, akaondoka. Nimemwita arudi. Nimemuuliza kama kuna siku hata moja waliweka sukari kwa bahati mbaya. Akasema hakuna, Baba. Nikamuuliza kama atasema hivyo kwenye simu. Akasema hata sasa hivi.

"Na bado nimekukasirikia," nikamwambia.

"Najua, Baba."

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimegonga kwa Njoroge. Amefungua ameshavaa kofia. Nadhani huivaa kila asubuhi akiningoja. Njiani ameniambia ile Alhamisi alirudi ndani kumwomba Mama Yun sandwichi zote tatu ziwe kama yangu, ili niushinde ubishi. Mama Yun alikataa. Mgeni ametoka mbali, hapewi chakula cha mgonjwa.

"Aki Mzee, nilijaribu," anasema. "Nikapika uongo wa pili, ukaungua."

Nimemwambia yeye si mpishi.

Leo nimeagiza mwenyewe. Mama Yun akanitazama, akainua kijiti cha kijani, akaweka mkebe wa sukari upande wa pili. Akangoja. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Njoroge akaanza kusema kitu, nikamwambia nyamaza.

Nilifikiri kidogo. Watu nyuma yangu kwenye foleni wakangoja.

Nikaonyesha kijiti.

Nimekula yote. Si tamu. Kabichi imeiva vizuri, yai halikukauka. Kipimo cha leo nimekiandika nyuma, ni kizuri, sitamwambia Rehema, akisome mwenyewe. Kijiti sikukivunja. Ninacho mfukoni.

Kwamba tangu mwaka juzi mimi Kombo nimekula sandwichi isiyo na chembe ya sukari, na ulimi wangu ulijua hivyo na kusema hivyo, anayebisha na awaulize hawa: Rehema, binti yangu. Njoroge, jirani. Mama Yun wa kiduka cha sandwichi, Garland, akionyesha kikaango chenye utepe wa kijani.

Ndio hao hao walionidanganya. Wengine sina.